Riwaya za Kikristo za baleti kwa vijana: ya kilokole, ya studio au maisha ya kweli, uchukue ipi?

Ukitafuta kitabu cha kumpa binti anayempenda Yesu na anapenda baleti utaletewa majina mengi na majalada yote yanafanana, viatu vya pinki vinaning'inia kwa riboni, binti kageuza mgongo, mwanga unaingia dirishani. Nyuma ya kitabu nako ni yaleyale, kipaji, usaili mkubwa, imani inayumba, je atamchagua Mungu au steji? Jalada halikusaidii kitu kabisa. Tofauti iko ndani, na ni kubwa.

Mimi naziweka mafungu matatu. Kuna ya kilokole, yaani imani ndo stori yenyewe na baleti ni nguo tu iliyovalishwa. Kuna ya studio, ambayo baleti imeandikwa kwa jasho kabisa na staringi ni Mkristo anayejaribu kuishi imani yake humohumo ndani ya mazoezi. Alafu kuna maisha ya kweli, dansa anasimulia alikotoka, hii sio riwaya lakini naiweka hapa kwasababu mara nyingi ndo jibu sahihi na watu wanaisahau.

Niseme mapema nasimama wapi ili usije ukadhani nimekaa katikati. Watu wengi wakimnunulia kijana kitabu cha Kikristo wanauliza swali moja tu, kiko safi? Hakuna matusi, hakuna mapenzi ya kitandani, mwisho anaomba, basi wanalipa. Mimi naanza kwingine, naangalia kama mwandishi anaijua baleti. Maana nimeona mwandishi mvivu wa studio huwa mvivu wa maombi pia, yule ambaye hakujisumbua kujua mguu unaumaje ndo huyohuyo anamaliza jaribu zito la imani kwa aya moja ya machozi na mstari wa Biblia.

Mpime kwa viatu

Kipimo changu cha haraka ni vile viatu vigumu vya kusimamia ncha za vidole. Ile ncha watu wanadhani ni mbao, sio mbao, ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi, na chini ya unyayo kuna kipande kigumu cha kuubeba mguu. Kikitoka dukani bado hakijawa kiatu chako. Dansa anakaa chini anashona mwenyewe riboni na lastiki, anazichoma kidogo ncha za riboni kwa moto zisifumuke, anaikwaruza soli isiteleze, anaukunja ule unyayo mpaka ulegee pale mguu wake unapojikunja, wengine wanavigongesha sakafuni visije vikapiga kelele stejini. Na pamoja na kazi yote hiyo jasho linailainisha gundi, dansa wa kampuni kubwa ya baleti anaweza kumaliza jozi nzima kwenye onyesho moja.

Sasa fungua kitabu. Kwenye ya studio utamkuta binti usiku ana sindano mkononi, kidole kimeshachomwa, huku anawaza atamwambiaje mama kwamba hii jozi nayo imekwisha wakati ya juzi haijasahaulika. Kwenye ya kilokole iliyoandikwa kwa haraka anavitoa kwenye boksi, anavaa, anapaa. Hapo hapo unajua.

Umri nao unasema mengi. Kwa kawaida mabinti hupandishwa kwenye viatu hivo wakiwa na miaka 11 au 12 hivi, tena baada ya miaka kadhaa ya mazoezi ya kawaida, kwasababu mifupa ya mguu bado inakomaa na misuli ya kifundo lazima iwe tayari kubeba mwili. Kwahiyo ukikuta staringi ameingia darasani mara ya kwanza ana miaka 15, aliomba kwa imani, mwaka haujaisha ameshaitwa kwenye kampuni kubwa, weka chini. Wapo waliochelewa wakafika, Misty Copeland alianza akiwa na 13 na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya dansa mkuu pale American Ballet Theatre, kampuni kubwa ya baleti ya New York, ila kuanza kwake kwa kuchelewa kunatajwa kila akiongelewa kwasababu ni jambo ambalo halitokeitokei. Kitabu kinacholifanya liwe jepesi kinamwandaa mtoto kuumia, tena kuumia na Mungu wake, maana ataona wenzake wanajibiwa yeye hajibiwi.

Desemba na Jumapili

Nyingi ya riwaya hizi zimewekwa Marekani, na kule Desemba ni mwezi wa The Nutcracker. Hii ni baleti ya Tchaikovsky iliyoonyeshwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1892, lakini Marekani wameigeuza kama sehemu ya Krismasi yenyewe, kampuni nyingi zinategemea mapato yake kuendesha mwaka, na studio ndogondogo nazo zinaiweka ili kila mtoto apate nafasi, huyu panya, huyu askari, yule theluji. Onyesho la mchana la Jumapili ni kitu cha kawaida kabisa. Sasa kanisani nako ndo msimu wa igizo la Krismasi na kwaya, kwahiyo mgongano unajiandika wenyewe, mwandishi hahitaji hata kuutafuta.

Angalia kila fungu linavyotoka hapo. Kwenye ya kilokole binti anaacha onyesho anaenda kanisani, wote wanalia, alafu siku mbili mbele aliyepewa nafasi yake anaugua na yeye anaitwa acheze. Mimi hii siipendi hata kidogo na nitakwambia kwanini. Utii umegeuka kuwa biashara, umempa Mungu Jumapili naye kakurudishia nafasi na riba juu. Binti akija kufanya hivo kwenye maisha yake na asiitwe, atafanyaje na imani aliyofundishwa na kitabu?

Ya studio nzuri haimalizi kirahisi hivo. Anacheza Jumapili na moyo unamsuta, au anaenda ibada ya asubuhi akiwa na nywele zimeshabanwa kabisa juu ya kichwa na watu wanamwangalia, au anakataa na nafasi inaenda kwa mwingine moja kwa moja na Mungu bado ni Mungu. Hiyo ya mwisho ni ngumu kuandika, ukiipata inunue.

Maisha ya kweli hapa saa ingine yanakuacha na njaa, dansa anasimulia miaka kumi ya kazi na Jumapili haitajwi. Ni kawaida, hakuandika kwa ajili ya kujibu swali lako.

Kitu kingine, vitabu vingi vya kilokole vinaongea kama kuna milango miwili tu, kanisa au steji. Lakini kuna watu walishafungua wa tatu zamani. Kathy Thibodeaux alishinda medali ya fedha kwenye mashindano ya kimataifa ya baleti yaliyofanyika Jackson, Mississippi mwaka 1982, na mwaka 1986 akaanzisha hukohuko Jackson kampuni ya baleti ya Kikristo inayoitwa Ballet Magnificat!, na wanafundisha na kuzunguka na maonyesho yao. Simaanishi kila binti aende huko. Namaanisha mwandishi anayejua kwamba kitu kama hicho kipo hawezi kumfungia staringi wake kwenye kona ya "chagua leo", na ukimkuta anamfungia ujue hakufanya utafiti.

Kwani kucheza ni dhambi?

Hili swali ni la ya kilokole zaidi, ya studio inalipita tu na maisha ya kweli hayaligusi. Kama kijana wako anatoka kwenye nyumba ambayo bado linaulizwa kwa sauti, basi ya kilokole ina kazi ya kufanya, usiidharau. Utakutana na Miriamu na matari yake kwenye Kutoka 15, na Zaburi 149, na bila shaka Daudi akicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, 2 Samweli 6. Upande wa pili anawekwa binti wa Herodia aliyemfurahisha mfalme na kichwa cha Yohana kikaletwa kwenye sinia.

Ninachoshangaa ni kwamba wote wanamkimbilia Daudi wanamwacha Mikali. Yule mke aliyechungulia dirishani akamdharau moyoni ndo mhusika mwenye faida kubwa kuliko wote kwenye stori ya binti wa kanisani anayevaa nguo ya kubana mwili mbele za watu, maana kila kanisa linaye mama mmoja anayechungulia. Riwaya inayompa Mikali nafasi ya kuongea, akasema hofu yake bila kufanywa shetani, hiyo ina akili.

Mwili, chakula na kufunga

Hapa naomba ukae, kwasababu hapa ndo kitabu kinaweza kumdhuru mtu.

Studio ya baleti ina vioo ukuta mzima na nguo isiyoficha kitu, na binti anajiangalia humo masaa mengi kila wiki katika umri ambao mwili wenyewe unabadilika. Matatizo ya kula ni jambo linalojulikana sana kwa madansa. Anakula kidogo, mazoezi yako palepale, hedhi inakatika, mifupa inapoteza nguvu, alafu anapata ufa mdogo kwenye mfupa wa mguu ambao haukutokana na kuanguka popote, umetokana na kurudiarudia tu juu ya mfupa usiolishwa. Wengine wanadhani hedhi kukatika ni dalili ya mazoezi mazuri. Sio kweli, ni taarifa ya kumpeleka kwa daktari.

Riwaya za kidunia za baleti kwa vijana zinalijua hili, saa ingine zinalijua kupita kiasi, zinaelezea njia za kujinyima kwa undani mpaka zinakuwa kama maelekezo. Ya studio ya Kikristo iliyoandikwa vizuri inaonyesha tatizo bila kutoa maelekezo, haitaji namba za uzito, na inamleta mtu mzima anayeingilia kati. Ya kilokole mara nyingi inakimbia mada yote, na kukimbia kungekuwa afadhali kama isingekuwa jambo moja, yaani kufunga.

Kuna hii tabia ya staringi kufunga na kuomba kabla ya usaili. Kwa mwandishi ni alama ya imani tu, hana nia mbaya. Lakini kiweke kitabu hicho mkononi mwa binti ambaye tayari anatafuta sababu ya kutokula, umempa sababu ambayo hakuna mtu mzima wa kanisani atakayeihoji. Nani atamwambia mtoto aache kufunga? Anasifiwa na ushuhuda anapewa nafasi atoe. Kwahiyo mimi nikikuta kufunga kabla ya kucheza naangalia mwandishi anafanya nini nako. Kama kuna mchungaji au mama anayemwambia mwanangu wewe mwili wako unafanya kazi nzito, kula, funga kitu kingine, hapo mwandishi anajua anaongea na nani. Kama kunapita kama ushindi wa kiroho, usimpe binti huyo kitabu hicho, hata kama kina tuzo. Na ule mstari wa mwili ni hekalu, 1 Wakorintho 6:19, uangalie umetumika upande gani, maana nimeuona ukitumika kumlisha mtoto na nimeuona ukitumika kumfanya ajione mchafu kwa kilo alizonazo.

Majeraha yanaenda palepale. Kifundo kimeteguka wiki ya onyesho, vijana wenzake wanamzunguka wanaomba, asubuhi anaruka. Mimi naamini Mungu anaponya, sina ugomvi na hilo, ugomvi wangu ni na kitabu kinachomfundisha mtoto mwenye ufa kwenye mfupa kwamba kukaa chini wiki kadhaa kama alivyoambiwa na daktari ni upungufu wa imani. Maisha ya kweli hapa yanashinda kwa mbali, karibu kila dansa aliyeandika maisha yake ana sura ya jeraha, kitanda, mazoezi ya kuchosha ya kurudisha mguu, na hofu kwamba nafasi imeshachukuliwa. Hakuna anayeipamba.

Ticha, mpinzani, kijana wa kiume

Hapa nitapita haraka maana hapana utajiri. Ticha mkali mwenye fimbo na lafudhi ya Kirusi yuko kwenye mafungu yote, mzoee. Mpinzani kwenye ya kilokole ni mkorofi alafu anaokoka ukurasa wa tatu kutoka mwisho, kwenye ya studio ni rafiki wa karibu anayetaka nafasi ileile, na wivu wa namna hiyo ndo dhambi halisi ya studio, sio nguo za kubana. Mapenzi, ya kilokole mwisho ni busu moja na kijana wa kikundi cha maombi, ya studio soma mwenyewe kwanza.

Niongeze kidogo kuhusu baleti inayochezwa ndani ya kitabu. Waandishi wanaipenda mno Swan Lake kwasababu dansa mmoja kwa desturi anacheza wote wawili, Odette yule bata maji mweupe na Odile yule mweusi, wema na uovu, mahubiri yamejiandaa yenyewe, na mimi nimechoka nayo. Ukikuta riwaya imechagua Giselle ichungulie vizuri. Hiyo ilianza Paris mwaka 1841, binti wa kijijini anadanganywa na mwanaume wa ukoo mkubwa, anakufa, na kwenye sehemu ya pili mizimu ya mabinti waliosalitiwa inataka kumchezesha yule mwanaume mpaka afe na Giselle anamlinda hadi alfajiri. Kuna mizimu ndiyo, wazazi wengine watashtuka, ila kwa stori ya kusamehe mtu ambaye hajastahili huwezi kupata kazi bora zaidi stejini.

Utazijuaje ukiwa dukani

Angalia jina la mchapishaji kwanza. Zondervan na Thomas Nelson wote wako chini ya HarperCollins Christian Publishing, Bethany House na Revell wako chini ya Baker, hao ni wachapishaji wa Kikristo na wahariri wao wanajua wazazi watalalamika nini, kwahiyo usafi umeshapimwa. Ya studio unaweza kuikuta kwao pia au kwa mchapishaji wa kawaida, na kwa huyo wa kawaida ndo usome kabla. Tuzo za Christy, zile za riwaya za Kikristo, zina kipengele cha riwaya za vijana, ni sehemu nzuri ya kuanzia kama huna mtu wa kumuuliza.

Usisome sura ya kwanza, sura ya kwanza kila mtu anaipiga pasi. Fungua sura ya usaili. Kama unaona namba imebandikwa kifuani, mstari wa mabinti wameshika chuma cha ukutani, mpiga piano, watu mezani wasioinua uso, na staringi anaomba maneno machache ya mtu anayeogopa, chukua. Kama anaomba kurasa mbili na usaili unaisha kwa sentensi moja, rudisha.

Umpe nani nini

Wa miaka 12 au 13 anayeanza, nyumbani ni pa dini sana na bado hajavaa vile viatu vigumu, mpe ya kilokole, fupi, ila mkimaliza muulize angefanyaje kama yule mwingine asingeugua. Wa 15 mpaka 17 anayecheza kweli na anatuma video za usaili wa kambi za mazoezi za kiangazi, usimdanganye, ataona kosa la kiatu kabla hajafika kwenye maombi na atakifunga, huyo ni wa ya studio tu. Aliyekosa nafasi wiki hii asipewe kitabu chochote ambacho staringi anapata nafasi. Subiri, au umtafutie kile ambacho binti hapati.

Asiyecheza baleti lakini anapenda stori ya kutoka chini, nenda maisha ya kweli. Michaela DePrince alizaliwa Sierra Leone mwaka 1995, vita ikamwacha yatima, kwenye kituo cha yatima akaokota picha ya dansa kwenye gazeti akaificha, akaasiliwa na familia ya Marekani akafika kucheza na Dutch National Ballet huko Uholanzi. Alifariki 2024 akiwa na miaka 29. Aliandika maisha yake pamoja na mama yake wa kuasili, mtu mzima asome kwanza kwasababu mambo ya vita yapo wazi.

Kwa mvulana nenda moja kwa moja kwenye kitabu cha maisha cha Carlos Acosta, dansa wa Cuba. Kazaliwa Havana 1973, familia maskini watoto kibao, anataka mpira, baba anamlazimisha baleti ili asiharibike mtaani, anatoroka darasa mpaka anafukuzwa shule, alafu mwaka 1990 anashinda Prix de Lausanne kule Uswisi, mashindano ya madansa wa miaka 15 hadi 18, na baadaye anakuwa nyota wa Royal Ballet ya London. Sio kitabu cha dini, na lugha yake sio ya shule ya Jumapili, kwahiyo cha miaka 15 kwenda juu. Ila uhusiano wake na yule baba utawapa mambo mengi ya kuongea kuliko riwaya tatu za kilokole zikiunganishwa.